Yale mabano matupu ya Java yana historia, wasee

Kama umewahi kuandika apu ya Java inayosoma JSON, hii kitu unaijua: new TypeToken<List<String>>() {}. Cheki hayo mabano ya mwisho. Hayana kitu ndani. Watu wengi wanakopi, wanabandika, maisha inasonga. Lakini ukiyatoa, programu inakataa. Nani aliweka mabano matupu hapo, na kwa nini?

Java ilitoka Sun Microsystems mwaka wa 1995, na kwa miaka tisa orodha yake ilikuwa gunia tu. Unatupa chochote ndani, na ukitoa unaapa mwenyewe kwamba hii ni String. Ukiapa uongo, kompaila haisemi kitu. Programu inakuja kuanguka mbele ya mteja.

Wasomi walikuwa wameona shida mapema. Martin Odersky na Philip Wadler walitengeneza lugha inaitwa Pizza (ndiyo, Pizza), halafu mwaka wa 1998 wakaungana na Gilad Bracha na David Stoutamire wakaleta GJ, Java yenye jeneriki. Hiyo ndiyo ilizaa jeneriki za Java 5, Septemba 2004.

Shida ni kwamba kufikia hapo dunia ilikuwa imejaa msimbo wa zamani. Kwa hivyo wakaamua: kompaila ikague aina, halafu izifute. Ni kama kutuma parseli Kisumu, karani anasoma lebo vizuri kabisa, anahakikisha kila kitu kiko sawa, kisha anaibandua kabla basi haijatoka steji. Programu ikikimbia, List<String> na List<Integer> zote ni List tu.

Watu hucheka Java hapa, na mimi naona wanakosea. Microsoft walienda njia ingine. C# 2.0 ya 2005, kwa kazi ya Don Syme na Andrew Kennedy, ilibakisha aina hadi programu ikiwa inakimbia. Safi sana, lakini wakaishia na seti mbili za orodha, za zamani na za jeneriki, zinakaa kando kwa kando. Sun walikuwa na mzigo mkubwa wa kubeba. Kufuta kuliwezesha maktaba ya zamani kupokea orodha mpya bila kukompailiwa upya, na kila mtu akahama kwa wakati wake.

Bili ililetwa kwa hizi object za Class. Java 5 hiyo hiyo ilifanya Class yenyewe iwe jeneriki, so ukipitisha String.class kwa mbinu, unarudishiwa String bila kuapa. Tamu. Sasa jaribu List<String>.class. Kompaila inakataa katakata, kwa sababu klasi kama hiyo haiko. Iko List.class peke yake. Ukiambia Gson ikusomee orodha ya wateja na umeipa List.class, inakupa orodha ya ramani za majina na thamani. Haikulalamikii. Unakuja kupigwa na ClassCastException mbali huko, kwa mstari ambao hauna makosa yoyote, na unaukodolea macho usiku mzima.

Mwaka wa 2006, Neal Gafter, aliyekuwa amefanyia kazi kompaila ya Java pale Sun, aliandika kuhusu dirisha lililobaki wazi. Kufuta hakugusi kila kitu. Klasi ikitangaza mzazi wake, tangazo hilo linabaki kwa faili ya klasi pamoja na aina zake zote, na getGenericSuperclass inalisoma. Sasa yale mabano matupu yanaeleweka: yanazaa klasi mtoto, hana jina, hana kazi, ila cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jina kamili la mzazi. Maktaba inamwangalia mtoto na kujua ulitaka orodha ya nini.

Jackson wanaiita TypeReference, Guice wanaiita TypeLiteral. Ujanja ni ule ule.

Lakini usiuamini kupita kiasi. Ukiandika new TypeToken<List<T>>() {} ndani ya mbinu ya jeneriki, kwa cheti kumeandikwa T, herufi tupu, si Mteja. Hapo hakuna mabano yatakuokoa. Aliyeita mbinu yako ndiye anajua T ni nani, kwa hivyo mwambie akuletee tokeni yake.