Bei ya Gunia: Habari za Mahindi Katika Nchi Yetu Tangu Zamani za Reli



Mkitazama kurasa za hesabu katika taarifa hii mtaona kwamba michango ya wanachama huingia kwa wingi katika miezi michache tu ya mwaka, nayo ni ile miezi ya kuuza mahindi. Mwaka ambao gunia limepata bei njema, mfuko wa mazishi na mfuko wa karo hujaa bila mtu kusukumwa. Mwaka ambao gunia limeanguka, katibu huandika barua za kukumbusha hata wino ukamwishia. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza hapa jinsi bei hiyo inavyofanywa, na nani aliyeifanya tangu zamani, kwani vijana wetu wengi hudhani kwamba bei ni kama mvua, hutoka mbinguni tu.

Babu zetu wa Kibabii na vilima vyote vilivyo chini ya Mlima Elgon hawakuwa watu wa mahindi. Nafaka yao ilikuwa wimbi na mtama. Wimbi lina sifa moja kubwa ambayo twaisahau: likikaushwa vema hukaa ghalani miaka mingi, wala dumuzi halina haja nalo. Mwenye ghala la wimbi hakumwuliza mtu habari za bei. Alikula, akapika pombe ya kuitia watu wa kazi, akatoa la mahari, na lililobaki akalingojea njaa ya mwaka mwingine. Mahindi yalifika pwani pamoja na Wareno katika karne ya 16, lakini yale meupe yenye punje kubwa, ambayo ndiyo tuyajuayo, yalienea huku baada ya masetla kuleta mbegu kutoka Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Katika miaka ya 1920 njia nyingine ikapita Eldoret ikielekea Uganda, ikavuka nchi yetu hapo Bungoma, na tawi lake likaenda Kitale kuwahudumia masetla wa Trans Nzoia. Watu wetu hawakulala. Walinunua plau za kukokotwa na ng'ombe, wakapanua mashamba, na katika miaka ya 1930 upande wa Kimilili ulikuwa umekwisha kujulikana kwa mahindi ya kuuza. Hapo ndipo tulipobadili jambo kubwa pasipo kulitambua. Wimbi lilikuwa chakula kilichoweza kuuzwa; mahindi yakawa biashara iliyoweza kuliwa. Na biashara ina wenyewe.

Shida ya fedha iliyoanza duniani mwaka 1929 iliangusha bei ya mahindi kila mahali. Serikali ya wakati ule iliwasaidia masetla kwa sheria ya mikopo ya mwaka 1930, na mwaka uliofuata ikawafungulia Benki ya Ardhi. Mkulima wa reserve hakuwa na mlango wa kubisha katika benki hiyo. Kwake yeye ilikuja sheria ya mwaka 1935 juu ya kuuza mazao ya wenyeji, ambayo iliagiza kwamba mazao yauzwe katika masoko yaliyowekwa na kwa wafanya biashara wenye leseni. Walioitetea walisema itazuia udanganyifu wa mizani na kuyafanya mazao kuwa safi, na hatukatai kwamba mizani ilihitaji kutazamwa. Lakini palipokuwa na wanunuzi wengi waliogombania debe la mama, sasa palibaki wachache waliojuana.

Vita vya pili vikazidisha mambo. Mwaka 1942 Serikali iliweka Udhibiti wa Mahindi: mahindi yote ya kuuzwa yawe mikononi mwake, kwa bei aliyoitangaza yenyewe. Masetla walipewa bei iliyohakikishwa, tena wakaahidiwa malipo ya chini kwa kila ekari hata kama mvua itawanyima. Chama chao, Kenya Farmers' Association, ndicho kilichofanywa wakala wa ununuzi. Mkulima Mwafrika alilipwa bei ya chini zaidi, na kabla ya fedha kumfikia zilikatwa gharama za kusafirisha, faida ya mwenye duka aliyenunua, na ushuru wa mfuko wa wilaya. Mahindi yalikuwa meupe yale yale. Gunia lilikuwa la ratili 200 lile lile. Mtu wa Kimilili aliyekwenda Trans Nzoia kufanya kazi katika shamba la mzungu aliweza kuona kwa macho yake jinsi thamani ya gunia ilivyobadilika kwa kuvuka mpaka tu wa reserve. Mwaka uliofuata, 1943, njaa iliingia nchini hata ikaundwa tume ya kuichunguza.

(Tuseme kidogo juu ya hilo gunia. Wengi huuliza kwa nini gunia letu ni la kilo 90 wala si 100, hali hesabu ya mia ni rahisi. Sababu ni zile ratili 200 za zamani, ambazo zikigeuzwa kuwa kilo hupata 90 na kitu. Ratili zimekwisha kusahauliwa, lakini mgongo wa mpagazi haujasahau.)

Vita vilikwisha, Udhibiti haukuisha. Kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hata nyingine kulitaka kibali, na penye kibali huzaliwa magendo. Mahindi yalivuka usiku kwenda Uganda, au yalipita kwa wachukuzi wadogo hata kuwafikia watu wenye njaa wa wilaya jirani, ambao walilipa zaidi kuliko Serikali. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, ilisema wazi kwamba vizuizi vya namna hii vyaidhoofisha biashara ya Mwafrika. Neno hilo liliandikwa vizuri sana, likawekwa katika makabati.

Lakini si haki kusema kwamba kila lililotoka serikalini lilikuwa baya. Mwaka 1955 ilianzishwa huko Kitale kazi ya kuchagua na kuzalisha mbegu bora za mahindi, na mwaka 1956 ikaundwa Kenya Seed Company, papo hapo Kitale. Wataalamu walichukua mahindi yetu ya Kitale wakayaoanisha na mahindi yaliyotoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu iliyoitwa Hybrid 611. Mkulima mdogo aliipokea upesi kuliko wengi walivyodhani. Hatujui jambo jingine lililofanywa na Serikali katika habari za nafaka lililoingia ndani ya kila boma kama hilo, na lilifaulu kwa kuwa mkulima aliliona kwa macho katika shamba la jirani. Hakuhitaji kusadiki tangazo la mtu.

Uhuru ulipopatikana, bodi zilibadili majina na wakubwa, lakini amri zilibaki zile zile. Mwaka 1965 chakula kilipungua, tukala mahindi ya njano kutoka Marekani, ambayo wazee wengi wasingewapa hata kuku wao. Tume ya kuchunguza mambo ya mahindi ikatoa taarifa yake mwaka 1966, na mwaka huo huo bodi mbili ziliunganishwa kuwa Maize and Produce Board. Bei ikapandishwa ili watu walime. Watu wakalima, kwa mbegu mpya na mvua njema, hata nchi ikawa na mahindi mengi kuliko ilivyoweza kula. Yakauzwa ng'ambo kwa hasara, na bei ya mkulima ikateremshwa. Mchezo huo huo ulirudiwa mwishoni mwa miaka ya 1970: maghala yalijaa, mkulima aliyefika na gari lake akaambiwa hapana nafasi, na mwaka 1980 nchi hiyo hiyo ikawa inaagiza chakula kutoka nje. Mwaka 1984, ukame ulipokuja, mahindi ya njano yakarudi.

Wazee, hapa twataka mtuvumilie tukae kidogo, maana hiki ndicho kiini cha maneno yetu. Mkulima hupanda mwezi wa Machi kwa habari alizosikia wakati ule, naye huvuna baada ya miezi sita au zaidi, habari zikiwa zimekwisha kugeuka. Bei ikiwa kubwa leo, watu wote hupanda kwa sababu hiyo hiyo moja, na wingi wao ndio huiua bei. Hilo ni tabia ya soko lolote, nasi hatumlaumu mtu. Lakini Serikali, ambayo ingepaswa kutuliza mawimbi hayo, mara nyingi ilikuja nyuma yake, ikapandisha bei njaa ikiwa imekwisha kuingia na kuishusha mkulima akiwa amekwisha kutia mbolea. Tukipima vema, twaona kwamba bei ndogo iliyojulikana mapema imetudhuru kidogo kuliko bei kubwa iliyogeuzwa njiani. Mwenye kujua mapema kwamba mahindi hayatalipa aweza kupanda maharagwe, au kupunguza ekari. Aliyeambiwa baadaye hana la kufanya ila kuuza.

Bodi ya sasa ya nafaka na mazao iliundwa mwaka 1979. Vizuizi vya barabarani viliendelea, na mwanachama aliyetaka kumpelekea nduguye magunia machache mjini alihitaji karatasi, hata mwisho wa mwaka 1993 biashara ya mahindi ilipofunguliwa na vibali vya kusafirisha vikaondolewa. Tulishangilia. Kisha malori yakaja hadi mlangoni, na mabroka wakaja na vipimo vyao, gorogoro iliyobonyezwa chini na debe lililojazwa kwa kilima. Uhuru wa kuuza ulikuwa umefika kabla ya uhuru wa kujua. Broka alikuwa amelala Nairobi juzi. Sisi tulikuwa hatujatoka Kibabii.

Zamani habari za bei zilitujia kwa baraza la chifu, au kwa mwenye duka aliyekuwa ndiye mnunuzi pia, au kwa gazeti la Baraza lililokuwa likichapwa Nairobi kila juma na kusomwa na mtu mmoja kwa niaba ya kumi. Mwaka 1997 iliundwa Kenya Agricultural Commodity Exchange, ikafungua kituo Bungoma, ambako bei za masoko mbalimbali ziliandikwa ubaoni. Baadaye zikapelekwa kwa simu za mkononi, na redio ya West FM, iliyoko hapo hapo Bungoma, ikatangaza kipindi kilichoitwa Soko Hewani, ambacho mtu aliweza kusikia nani anauza na nani anatafuta. Kazi hiyo twaisifu. Hata hivyo ilitufunza jambo ambalo hakuna aliyelitaja mwanzoni: kujua bei ya Nairobi hakumsaidii mtu mwenye magunia matatu, asiye na lori, mwenye mtoto anayengoja karo, na ambaye mahindi yake yana maji kupita kipimo cha bodi, yaani sehemu 13.5 katika mia. Mtu huyo anajua kwamba anapunjwa, na bado anauza.

Miaka ya karibuni yametokea mengi, nasi tutayapitia kwa haraka, kwa kuwa mnayakumbuka. Mwaka 2017, baada ya ukame, ushuru wa mahindi ya nje uliondolewa, yakaja hata ya Mexico, na unga wa kilo mbili ukauzwa kwa shilingi 90 kwa msaada wa Serikali. Mlaji wa mjini alipona. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mlaji naye ana haki yake. Lakini katika msimu ule bodi ilipotangaza kununua gunia kwa shilingi 3,200, wafanya biashara walitangulia na mahindi yao katika maghala, na wakulima wa kweli wakangoja malipo hata mwaka 2018 ukawa karibu kwisha. Ndipo ikatangazwa bei mpya ya shilingi 2,300, kisha, baada ya malalamiko, 2,500. Tarehe 5 Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalipigwa marufuku kwa sababu ya sumu ya kuvu, na siku chache baadaye marufuku yakaondolewa kwa masharti. Katika siku hizo chache walioshika mahindi huku Lwakhakha na Malaba walibadili bei mara kadha, na sisi tuliosikia habari ya kwanza tu hatukusikia ya pili upesi. Mwaka 2022 mbolea ilipunguzwa hadi shilingi 3,500 kwa mfuko, na mwaka 2023 hadi 2,500, jambo lililotusaidia kweli. Mwaka 2023 bodi ikanunua gunia kwa shilingi 4,000, na mashine za kukausha zikapelekwa katika maghala, kwani mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa nyingi mno. Kisha mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kama mbolea haikuwa mbolea.

Halmashauri imeyafikiri hayo yote kwa kuwa inajua kwamba wanachama wengi huuza mahindi yangali shambani, mwezi wa Juni au Julai, kwa bei ya nusu, ili kulipa karo au hospitali. Mahindi ya Uganda huanza kuingia miezi hiyo hiyo. Wale wanaoweza kungoja hata Februari au Machi hupata zaidi, lakini kungoja kwataka ghala kavu, dawa ya dumuzi, na fedha za kutumia wakati wa kungoja. Twapendekeza basi kwa mkutano mkuu mambo mawili. Kwanza, sehemu ya mfuko wa akiba itumiwe kuwakopesha wanachama kwa dhamana ya magunia yaliyokaushwa na kupimwa, yakae mahali pamoja chini ya kufuli mbili, na yauzwe kwa pamoja. Pili, liwekwe daftari la bei: kila siku ya soko aandikwe mnunuzi analipa nini Chwele, Bungoma na Kitale, kwa kilo wala si kwa gorogoro, pamoja na tangazo lolote la Serikali na tarehe yake. Daftari hilo lilazwe ofisini, kila mwanachama aweze kulisoma au kusomewa. Kama mtakubali, lianze kabla ya kupanda. Kazi ya kuliandika haijapata mtu, na malipo yake ni nauli tu.