Django Girls

Django Girls ni warsha ya vitendo, isiyo na malipo, inayowafundisha wanawake kutengeneza tovuti ambazo seva huziundia kurasa kutokana na data iliyomo kwenye hifadhidata. Ilianzishwa na Ola Sitarska na Ola Sendecka, waandaaji programu kutoka Poland. Ya kwanza ilifanyika Berlin mnamo Julai 2014, sambamba na mkutano wa EuroPython.

Jina limetokana na Django, kiunzi cha lugha ya Python kilichobuniwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mshiriki hufanya kazi kwenye kompyuta yake, katika kikundi kidogo chenye mkufunzi. Hueleza muundo wa data: kichwa cha makala, matini na tarehe. Amri ya `migrate` huugeuza muundo huo kuwa jedwali la hifadhidata. Baada ya amri ya `runserver`, inayowasha seva kwenye kompyuta hiyo, tovuti hufunguka kwenye anwani 127.0.0.1:8000, ikionekana na mwenye kompyuta tu hadi ipandishwe mtandaoni.

Warsha ya Django Girls iliambatana pia na mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa, Zanzibar, Novemba 2023.