Sayansi ya Mazingira: Masomo na Kazi katika Ukanda wa Thika na Ruiru

Sayansi ya mazingira ni taaluma inayochunguza maji, hewa, udongo na viumbe, pamoja na mabadiliko ambayo binadamu huyaleta ndani yake. Katika Kaunti ya Kiambu, Kenya, taaluma hii imeota mizizi kandokando ya Barabara Kuu ya Thika, ambako vyuo vikuu, viwanda na mito iliyochafuliwa vimo katika mwendo wa nusu saa.

Mazingira ya ukanda

Mto Chania huungana na Mto Thika karibu na mji wa Thika, kisha maji yake huelekea Mto Tana. Mito ya Ndarugu na Ruiru, iliyo kilomita chache kusini, humwaga maji yake katika Mto Athi. Mwanafunzi apandaye matatu kutoka Ruiru hadi Thika huwa amevuka mpaka wa mabonde ya mito hiyo miwili.

Thika ni mji wa viwanda: mafuta ya kupikia, nguo, ngozi na mananasi ya kopo. Ruiru ilijulikana kwa kahawa, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Mashamba mengi ya kahawa yamekatwa ploti na kujengwa nyumba za kupangisha. Sensa ya 2019 iliihesabia Ruiru watu 490,120, karibu maradufu ya Thika yenye 251,407, nao mtandao wa mabomba ya maji taka haukukua kwa kasi hiyo. Machimbo ya mawe ya Ndarugu, jaa la Kang'oki na povu jeupe linaloonekana chini ya Maporomoko ya Fourteen Falls yanampa mtafiti chipukizi kazi tele.

Vyuo

Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Nguvu yake kubwa ni kilimo na uhandisi, ukiwemo uhandisi wa udongo, maji na mazingira. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa, kina idara za sayansi ya mazingira na za upangaji na usimamizi wa mazingira. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Thika, kilipata hati yake mwaka 2011.

Masomo

Shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Msingi wake ni kemia, baiolojia, takwimu na jiografia. Baadaye huja hidrolojia, uchoraji ramani kwa kompyuta, udhibiti wa taka na sheria.

Kipimo ambacho kila mwanafunzi hukifanya ni cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu wanaomeng'enya uchafu majini, kifupi BOD. Sampuli hujazwa kwenye chupa pasipo kuacha kiputo cha hewa, hupimwa oksijeni, kisha hufungiwa gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20 na kupimwa tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo jibu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayomwagwa mtoni. Kipimo ni chepesi, lakini ndicho kinachoweza kumpeleka mwenye kiwanda mahakamani.

Mafunzo ya nyanjani kwa kawaida hufanywa likizoni katika viwanda, kampuni za maji au ofisi za kaunti.

Sheria na ajira

Soko la kazi hii limejengwa na sheria kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 iliunda mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, NEMA, na kulazimisha miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na ukaguzi wa mara kwa mara baadaye. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Ripoti za tathmini huandaliwa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA. Mhitimu mpya kwa kawaida huanza akiwa mtaalamu mshiriki chini ya mtaalamu kiongozi: hukusanya sampuli, huitisha baraza la wakazi na kuandika rasimu, mara nyingi kwa malipo haba. Viwandani huajiriwa maafisa wa afya, usalama na mazingira. Kampuni za maji za THIWASCO (Thika) na RUJWASCO (Ruiru na Juja) huhitaji mafundi wa maabara na wasimamizi wa mitambo ya kusafisha maji taka. Nafasi za serikali ni chache mno zikilinganishwa na mahitaji ya kazi yenyewe.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zitenganishwe zinakotoka, zimefungua njia kwa wanaojiajiri katika urejelezaji.