Bunduki, Faili na Mstari Mmoja wa Mwaka 1968

Tarehe 29 Machi 1966, kijana mmoja aliyewahi kuwa askari wa majini alifika kwa daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Charles Whitman alikuwa mwanafunzi chuoni hapo. Alimweleza daktari kwamba hasira zinamshinda, na kwamba hujiwa na wazo la kupanda juu ya mnara wa chuo na bunduki ya kuwindia paa, awapige watu risasi. Daktari aliandika maelezo hayo, akamwambia arudi baada ya wiki moja. Hakurudi.

Agosti mosi mwaka huohuo, baada ya kuwaua mama yake na mkewe usiku, Whitman alipita madukani asubuhi akanunua bunduki mbili zaidi, moja kwa mkopo. Kisha akapanda mnara. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi aliwaua watu zaidi ya kumi na kujeruhi zaidi ya thelathini. Katika barua aliyoiacha aliomba maiti yake ipasuliwe ichunguzwe, kwa kuwa alihisi kichwa chake hakiko sawa. Madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo. Gavana John Connally aliunda tume ya wataalamu, nayo ikasema haiwezi kuthibitisha kwamba uvimbe ndio uliomtuma kuua.

Mjadala wa Wamarekani kuhusu bunduki na afya ya akili umekuwa ukizunguka hapo hadi leo. Kila mauaji ya halaiki yanapotokea, upande mmoja husema tatizo ni silaha, mwingine husema tatizo ni wagonjwa wa akili. Kinachosahaulika katika kelele hizo ni jambo dogo: mara nyingi kulikuwa na mtu aliyejua mapema. Sheria haikumuuliza mtu huyo. Iliuliza faili.

Mstari wa sheria unaouliza faili uliandikwa mwaka 1968. Rais John Kennedy alikuwa ameuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta, na mwaka huo wa 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Rais Lyndon Johnson alitaka bunduki zote ziandikishwe na wamiliki wapewe leseni, lakini Bunge likakataa. Aliposaini Sheria ya Kudhibiti Bunduki mwezi Oktoba, hakuficha uchungu wake kwa kundi la watetezi wa bunduki lililomkatia njia. Alichopata ni orodha ya watu wasioruhusiwa kununua silaha: waliopatikana na makosa makubwa ya jinai, watoro wa sheria, watumiaji wa dawa za kulevya, na mtu yeyote ambaye mahakama au chombo halali kimemtangaza kuwa ana upungufu wa akili, au aliyewahi kulazwa kwa amri katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ukiusoma mstari huo kwa makini utaona kwamba Whitman angepita bila kuguswa. Hakuna mahakama iliyomtangaza lolote, na hakuwahi kulazwa kwa amri. Alikwenda kwa daktari kwa miguu yake mwenyewe. Tena kwa miaka mingi hakukuwa na wa kuhakiki: mnunuzi alijaza fomu dukani, akajibu mwenyewe kama ana tatizo au hana, akalipa, akaondoka na silaha yake.

John Hinckley alionyesha udhaifu huo vizuri kuliko mwanasheria yeyote. Oktoba 1980 alikamatwa na bastola tatu katika uwanja wa ndege wa Nashville, akatozwa faini, akaachiwa. Siku chache baadaye alinunua bastola nyingine katika duka la rehani mjini Dallas. Wazazi wake walikuwa wakimpeleka kwa daktari wa akili huko Colorado. Tarehe 30 Machi 1981 alimpiga risasi Rais Ronald Reagan. Msemaji wa rais, James Brady, alipigwa kichwani akabaki mlemavu maisha yake yote. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwona Hinckley hana hatia kwa sababu ya wazimu, na nchi ikachemka. Majimbo mengi, na Bunge lenyewe, yakakimbilia kuibana kinga hiyo ya wazimu mahakamani. Sheria ya bunduki ilisubiri. Brady na mkewe Sarah walihangaika miaka kadhaa hadi Rais Bill Clinton aliposaini sheria yenye jina la Brady, Novemba 1993. Kuanzia 1998 muuza duka alipaswa kuuliza kwanza katika mfumo wa taifa kama mnunuzi ameruhusiwa.

Mfumo hujibu kwa kile ulicholishwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo kuifanyia kazi hiyo, kwa hiyo majimbo mengi hayakujisumbua kupeleka kumbukumbu za wagonjwa. Bei ya uzembe huo ilijulikana Virginia. Desemba 2005 hakimu aliamua kwamba mwanafunzi mmoja wa chuo cha Virginia Tech ni hatari kwa nafsi yake, akaamuru atibiwe bila kulazwa. Virginia ilikuwa ikiripoti waliolazwa tu. Mwanzoni mwa 2007 kijana huyo alinunua bastola mbili na mfumo ukamruhusu. Tarehe 16 Aprili aliua watu 32. Safari hii hata NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, kiliunga mkono sheria ya kuyapa majimbo fedha ili yapeleke kumbukumbu, na George Bush akaisaini Januari 2008.

Mtu angedhani faili likijaa mambo yamekwisha. Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, jimboni Connecticut, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa silaha ambazo mama wa muuaji alizinunua kihalali, na mama huyo ndiye aliyeuawa kwanza. NRA ilitaka orodha ya taifa ya wagonjwa wa akili. Mswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti mwezi Aprili 2013, lakini zilihitajika 60.

Orodha ya wagonjwa ni wazo linalovutia wanasiasa kwa sababu halimgharimu mpiga kura yeyote mwenye bunduki. Watafiti hawakuwahi kulikubali. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke ameonyesha kwa miaka mingi kwamba maradhi makubwa ya akili yangepona yote leo, ukatili dhidi ya wengine nchini humo ungepungua kwa asilimia nne hivi. Ugonjwa wa akili unaingia kwa nguvu katika bunduki kwa mlango mwingine: mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Vifo hivyo havikusanyi kamera. Pale utawala wa Obama ulipoweka kanuni ya kuwaingiza kwenye mfumo watu wanaopokea posho ya ulemavu wa akili kupitia wasimamizi, si wapenda bunduki tu waliopinga, bali pia watetezi wa haki za walemavu, waliosema kushindwa kusimamia fedha si dalili ya kuua. Donald Trump aliifuta Februari 2017.

Njia nyingine ilikuwa imeanzia kimya kimya Connecticut. Machi 1998 mfanyakazi wa bahati nasibu ya jimbo aliwaua wakubwa wake wanne, kisha akajiua. Mwaka 1999 jimbo lilipitisha sheria ambayo haikuuliza kama mtu ni mgonjwa. Iliuliza kama ni hatari sasa. Polisi wakiwa na sababu, hakimu aliweza kuamuru silaha zake zichukuliwe kwa muda. Swanson na wenzake walipoichunguza baadaye, walikadiria kwamba kwa kila watu kumi hadi ishirini waliochukuliwa silaha, mtu mmoja aliepushwa kujiua. Majimbo mengine yaliiga polepole na kuziita sheria za bendera nyekundu. Florida ilifuata Machi 2018, majuma machache baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland. FBI, shirika la upelelezi la taifa, ilikuwa imepigiwa simu mwezi Januari na mtu aliyemfahamu muuaji, na taarifa haikufika kwa ofisi ya Miami.

Wapinzani wana hoja ambayo siwezi kuipuuza: mali ya mtu inachukuliwa kabla hajatenda kosa, mara nyingine bila yeye kuwepo mahakamani. Oklahoma ilipiga marufuku sheria za namna hii mwaka 2020. Na sheria ikiwepo si lazima itumike. New York ilikuwa nayo tangu 2019. Kijana aliyeua watu kumi wenye asili ya Afrika katika duka la Buffalo, Mei 2022, alikuwa amepelekwa hospitali kupimwa akili mwaka uliotangulia kwa sababu ya kauli za vitisho shuleni. Hakuna aliyekwenda kwa hakimu. Siku kumi baada ya Buffalo yakaja mauaji ya Uvalde, Texas, na mwezi uliofuata Bunge likatenga fedha kusaidia majimbo kuziendesha sheria hizo.

Maine ilijitungia yake mwaka 2019, nyepesi zaidi, iliyopatanishwa na chama cha wawindaji wa jimbo. Waliiita bendera ya njano. Kwanza polisi wamshike mtu, kisha mhudumu wa afya ampime, kisha hakimu aamue. Mei 2023 familia ya askari mmoja wa akiba iliwaambia polisi kwamba anasikia sauti na ana silaha nyingi. Julai alilazwa hospitali huko New York. Septemba askari mwenzake aliandika kwamba anaamini jamaa huyo atakuja kuua watu wengi. Polisi walifika kwake, hakufungua mlango, wakaondoka. Tarehe 25 Oktoba aliua watu 18 mjini Lewiston, mji ambao tangu 2001 umepokea maelfu ya Wasomali, wengi wao waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma. Siku mbili walijifungia ndani na wenyeji wengine, msako ukiendelea mitaani.

Tume huru iliyoundwa na jimbo ilisema polisi walikuwa na sababu ya kutosha kutumia bendera ya njano, ila hawakuitumia. Tangu hapo wameitumia mara mamia. Gavana Janet Mills, aliyesaidia kuitunga, alishikilia kwamba inatosha, akawaomba wananchi wasiiongezee nyingine. Novemba 2025 wapiga kura wa Maine walikataa ushauri wake, wakapitisha sheria inayomruhusu ndugu wa familia kwenda mwenyewe kwa hakimu, bila kusubiri polisi wala daktari.