Bandia Halisi

Mkusanyaji wa vibandiko vya Rotchi ana swali ambalo kwa wengine ni kichekesho: hii bandia niliyonayo, ni halisi? Wala hatanii. Anataka kujua kama kibandiko hicho kilitoka kwenye mashine za kampuni ya Cosmos, huko Japani, katika miaka ya 1980, au kimechapwa juzijuzi na mjanja aliyesikia kwamba vitu hivi sasa vina wateja. Cha kwanza atakilipia. Cha pili hakitaki hata bure. Kwa wengi wetu vyote viwili ni feki tu, na hapo ndipo lugha ya mazoea inapomwacha mkusanyaji solemba.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1985 kampuni ya Lotte ilianza kutia vibandiko vya malaika na mashetani ndani ya kitafunwa chake cha chokoleti kiitwacho Bikkuriman. Bei yake ilikuwa yen 30. Watoto waligombania vibandiko, na chokoleti nyingi ziliishia jalalani bila kuumwa. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 1988 mamlaka ya ushindani wa haki katika biashara ya Japani iliingilia kati, kwa kuwa pengo kati ya kibandiko adimu na cha kawaida lilikuwa limewatia watoto wazimu wa kununua.

Penye uhaba hapakosi mtu wa kuuziba. Cosmos walikuwa na mashine za sarafu zilizosambaa nchi nzima: unatumbukiza hela, unazungusha kishikio, kinadondoka kitu. Wakaanza kudondosha vibandiko vilivyofanana mno na vya Bikkuriman. Ukikigeuza kimoja upande wa nyuma, penye jina la kampuni, ndipo unapoona kazi ya fundi. Kwa matamshi ya Kijapani Lotte ni Rotte, na silabi ya mwisho huandikwa テ. Cosmos waliandika チ, na jina likawa Rotchi. Tofauti ya herufi hizi mbili ni ndogo: katika ya kwanza, mguu wa wima unaanzia kwenye mstari wa chini wa ile miwili iliyolala, katika ya pili, mguu huohuo unapenya mstari huo na kwenda kugusa kistari cha juu. Kipande kidogo cha wino ndicho kilichotenganisha majina hayo mawili. Lotte walikwenda mahakamani, na Cosmos wakafilisika kabla muongo haujaisha. Jina limebaki. Hata wachekeshaji wawili wa Japani wamejiita Rotchi kwa sababu ya vibandiko hivyo.

Sasa tukiite nini kitu hiki kwa Kiswahili?

Feki ni neno la sokoni. Linahukumu na kuondoka. Ukishaambiwa kitu ni feki huulizi tena nani alikitengeneza, lini, wala kwa kufuata nini. Kwa mnunuzi wa betri linatosha kabisa. Kwa mkusanyaji linafunga mlango pale alipotaka kuingia.

Ghushi lina uzito mwingine, kwa kuwa nyuma yake kuna kitenzi chenye mtenda na nia. Hati haighushiwi kwa bahati mbaya. Mtu ameketi, amepima, ameiga sahihi, akiomba Mungu asigundulike. Je, Rotchi ni ya kughushi? Mghushi kamili angeandika Lotte na kumaliza. Aliyeandika Rotchi alitaka jicho la mtoto lipite haraka, na jicho la wakili likute pa kusimama. Huo ni ujanja wa mtu anayetaka kukaa pande zote mbili za sheria, na neno ghushi haliufikii.

Bandia, kwa upande wake, ni neno lililosingiziwa. Noti bandia ndizo zilizolichafua. Lakini meno bandia hayamdanganyi anayeyavaa, na mguu bandia hauna kesi na mtu. Mtoto wa bandia hulelewa, huvishwa na kulazwa na binti anayejua fika kwamba mwanawe halii. Katika matumizi haya yote, bandia ni kitu kilichoshika nafasi ya kingine na kufanya kazi yake, pengine kwa kiasi tu. Hivyo ndivyo Rotchi ilivyofanya. Mtoto aliyekosa Bikkuriman dukani aliipata Rotchi kwenye mashine, akaibandika kwenye sanduku la penseli, na sanduku likapendeza.

Wajapani wenyewe wana rafu kadhaa za kupangia vitu hivi. Nisemono ni kitu cha uongo, basi. Kaizokuban ni chapa ya maharamia wa baharini, na hapa Kiswahili na Kijapani vinakutana bila kupanga, kwani nasi husema uharamia tunapozungumzia santuri na vitabu vinavyonakiliwa bila ruhusa. Haramia hana haja ya kubuni. Anachukua kazi kama ilivyo na kuichapa upya, jina la mwenyewe likiwa palepale. Hikōshiki ni kisicho rasmi, neno la watu wa ofisi. Kisha kuna pachimon, neno la mtaani, lenye dharau na tabasamu kwa pamoja. Jirani yake kwetu ni uchwara: ukimwita mtu mganga uchwara umemshusha cheo, lakini hujasema kwamba amevaa sura ya mganga fulani.

Pachimon ndilo neno lililonivutia kwenye mkondo mwingine wa vitu hivi, mkondo wa kadi za picha, ulio mzee kuliko Rotchi. Godzilla alitokea sinemani mwaka 1954, Ultraman akaja kwenye televisheni mwaka 1966, na watoto wa Japani wakashikwa na homa ya madude makubwa, yaani kaijū. Katika maduka madogo ya peremende yaitwayo dagashiya ziliuzwa picha za madude hayo kwa sarafu ya mtoto. Ziliitwa buromaido, jina lililotokana na bromidi, kemikali iliyomo katika karatasi ya kusafishia picha. Jina la karatasi likahamia kwenye picha, na baadaye likabaki hata picha zilipokuwa zinapigwa chapa tu mashineni. Duka la Marubelle la Asakusa, Tokyo, lililofunguliwa mwaka 1921 na kujulikana kwa picha za nyota wa sinema, hulitamka kwa p: puromaido.

Baadhi ya wachapaji wa miaka ya 1970 hawakuwa na kibali cha kutumia dude la mtu. Wakabuni ya kwao. Mchoraji alichora jitu lenye macho mengi au mkia wa nyoka, likawekwa juu ya picha ya kweli ya mji au mahali pa watalii, likawa linateketeza majengo. Sinema yake haikuwapo, wala tamthilia. Dude lilizaliwa kwenye kadi na kufia humohumo. Leo yanaitwa pachi kaijū, madude ya pachi, na yana wapenzi wake. Yachunguze uone kama utampata aliyeibiwa. Mengi hayakunakili sura ya Godzilla wala kuandika jina lake. Kilichoazimwa ni homa ya watoto tu, na homa haina hakimiliki. Kuyaita feki ni kuyaonea, kwa sababu feki lazima iwe feki ya kitu.

Tukisema basi ni kadi zisizo rasmi, tumesema kweli, ila tumesema kidogo. Rasmi limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu r-s-m, wenye maana ya kuchora na kuweka alama. Mzizi huohuo umetupa rasimu, kazi ambayo bado inasubiri kupitishwa. Maneno mawili ya tumbo moja, moja lina muhuri na jingine linaungoja. Kinachoyatenganisha ni idhini ya mtu wa tatu, na mchoro wenyewe unaweza usibadilike hata nukta. Kwa hiyo "isiyo rasmi" inanieleza habari za muhuri. Habari za kadi hainipi.

Hata neno kadi lisijivune sana. Kadi tumeipata kwa Waingereza, karata kwa Wareno, karatasi kwa Waarabu, na yote matatu, ukiyafuata nyuma hadi mwisho, yanakutana kwenye neno moja la Kigiriki, khartēs, lililotaja jani la mafunjo la kuandikia. Kila moja limekuja kwa jahazi lake na kupata kazi yake. Hakuna anayemwita mwenziwe nakala.

Wamarekani walilitatua jambo hili kwa njia ya ajabu. Katika miaka ya 1980 watu wa ukoo wa Broder walichapa kadi za wachezaji wa besiboli bila kibali cha ligi. Wengine wakafuata nyayo, na wakusanyaji wakaanza kuziita zote Broder, hata zile ambazo ukoo huo haukuzigusa. Jina la watu likawa nomino ya kawaida. Halitukani wala halisifu. Linakuambia ni kadi ya namna gani, nawe unaamua mwenyewe kama unaitaka.

Sisi tumewahi kufanya kazi kama hiyo, tena kwenye uwanja mkubwa zaidi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi. Wahunzi na mafundi wa Nairobi wana jina lao: jua kali. La kwanza linataja walichokosa. La pili linataja wanapofanyia kazi, na ukilisikia unaliona jasho. Vivyo hivyo lugha inayokataa kuvaa suti hatuiiti Kiswahili kisicho rasmi tunapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Tunaiita Kiswahili cha mtaani.

Basi msamiati upo, unahitaji kupangwa tu. Kadi iliyotengenezwa ili idhaniwe ndiyo yenyewe, na iitwe ya kughushi. Iliyochapwa upya kutoka kazi ya mwingine bila ruhusa, ya kiharamia. Iliyoshika nafasi ya nyingine huku ikijulikana si yenyewe, bandia. Na iliyobuniwa na mtu kwa akili yake, bila kibali na bila kumwigiza yeyote, kama yale madude ya dagashiya, kadi ya mtaani. Feki tuwaachie wanunuzi wa betri.

Kwa mpango huo, mwenye Rotchi hana cha kuonea haya katika swali lake. Bandia inajibu kitu hicho kilishika nafasi ya nini. Halisi inajibu kilitoka wapi na lini. Ni maswali mawili, na kibandiko kimoja kinaweza kuyajibu yote bila kujipinga.