Taa kwanza, kompyuta nyuma: historia fupi ya franga za maktaba



Kila mara tunapozungumzia kusaidia maktaba za kule nyumbani, neno la kwanza linalotoka ni kompyuta. Wazo ni zuri. Lakini kabla ya kukotiza, tuangalie wale waliotutangulia kwenye njia hii: franga zao zilitoka wapi, na zilifanya nini.

Tuanze Nairobi. Mwaka 1931 ilifunguliwa pale maktaba ya McMillan, jumba la mawe lenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya tajiri McMillan, kwa nguvu ya mjane wake, na shirika la Carnegie la Marekani likaongeza lake. Jumba lilikuwa zuri kabisa, lakini mpaka 1958 liliwekwa kwa Wazungu peke yao. Mwafrika alilipita njiani tu. Basi franga nyingi zinaweza kusimamisha nyumba, na mwenye inchi akabaki inje.

Sasa tuje karibu na kwetu. Wale wanaotoka Bunagana kwa bisi kwenda Kampala wanapita Masaka. Karibu na mji ule kuna kijiji kinaitwa Kitengesa. Mwaka 1999, mkuu wa shule ya sekondari ya pale, Emmanuel Mawanda, alisikilizana na Kate Parry, profesa wa Hunter College kule New York, wakaanzisha maktaba. Ilianza na sanduku la vitabu tu, hata nyumba haikuwa.

Nyumba ilikuja 2002. Ilisaidiwa na mfuko wa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, ambao kila mmoja anakubali kutoa asilimia 1 ya mshahara wake. Hapa hakukuwa na tajiri mmoja. Walikuwa watu wa mshahara, kila mtu na kidogo chake. Ndiyo ile ile sisi tunaita kukotiza.

Kisha zikaja pano za jua. Tuangalie vizuri mpango huu: teknolojia ya kwanza ya maana pale ilikuwa taa. Mtu wa kijiji anashinda shambani, saa ya kusoma anaipata jioni, na jioni ni giza. Taa ilimfungulia mlango ambao kompyuta peke yake haingeweza kufungua.

Na nani anafanya kazi? Walichagua wanafunzi wa ile shule, wakawapa zamu ya kutumika ndani ya maktaba, nao wakalipiwa minervali. Hivyo franga moja ilifanya kazi mbili: maktaba ilipata mikono, na mtoto alibaki masomoni. Mwaka 2007 maktaba ndogo za Uganda zikaunda umoja wao, juu sauti ya kijiji kimoja haifiki mbali.

Mwaka huo huo 2007, kule Lusaka, maktaba ya kwanza ya Lubuto ilifungua milango kwa watoto wasio na uwezo. Baadaye wakatengeneza masomo ya kusoma ndani ya kompyuta, kwa lugha 7 za Zambia. Waliona kwamba mashini isiyosema lugha ya mtoto ni sanduku tu.

Siku hizi bei ya mashini haitishi sana. Programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, inaweka Wikipedia nzima mahali pasipo intaneti. Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kiganja, ilipotoka 2012 iliuzwa dola 35. Ukiziunganisha, watu walio karibu wanasoma kwenye simu zao, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, bila kununua mega hata moja.

Basi shida iko wapi? Iko nyuma ya sherehe. Mashini inanunuliwa siku moja, na picha inapigwa siku hiyo. Lakini betri inachoka, mlinzi anakula kila siku, na kufuli inataka mtu wa kuifungua asubuhi. Wafadhili wengi wanapenda ile picha. Wachache wanalipa betri. Ndiyo maana kompyuta za msaada zinaweza kuishia chini ya vumbi, na mtoto aliyezitembelea kilometa nyingi anakuta mlango umefungwa.

Pendekezo langu kwa chama ni hili. Kila mwenye kazi atoe asilimia 1 ya mshahara, kama wale wa Umoja wa Mataifa. Nusu inunue taa, vitabu na mashini. Nusu nyingine ikae kwa ajili ya betri na minervali ya wanafunzi watakaotumika pale. Na watu wa kata wenyewe waseme saa gani mlango ufunguliwe, juu maktaba ni yao.

Tulijadili katika mkutano ujao, kila promosio na hesabu yake mkononi.