Ufadhili wa masomo kwa wanamichezo

Ufadhili wa masomo kwa wanamichezo ni msaada wa karo, na pengine wa malazi, chakula na vitabu, ambao shule au chuo humpa mwanafunzi kwa ajili ya kipaji chake cha michezo. Kwa vijana wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria njia hii hushindana na ile ya kuingia mapema katika klabu.

Mfano wa Nyambui

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, mkoa wa Mara, karibu na ziwa. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso (UTEP), Marekani, chuo alichokimbilia pia Gidamis Shahanga. Mwaka 1980, akiwa bado mwanafunzi, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na 1988, yaani baada ya chuo, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania. Masomo hayakumpunguzia mbio.

Masharti

Si kila ufadhili hulipa gharama zote. Katika NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo vya Marekani, vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo, na vingine hutoa sehemu tu. Pengo hilo ni vigumu kulijaza kwa kibarua, kwa kuwa viza ya mwanafunzi hubana kazi za nje ya chuo. Mzazi anapaswa kuuliza pia nani atalipa nauli ya ndege, na itakuwaje mtoto akiumia.

Kuanza na klabu "kwa kujaribu" nako kuna bei. Anayeendelea kushindana muda mrefu baada ya sekondari bila kujiunga na chuo huweza kupunguziwa misimu ya kuchezea NCAA. Wachezaji wa hoki ya barafu waliopitia ligi kuu za vijana za Kanada walifungiwa kabisa kwa miaka mingi. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2025 tu.

Katika soka, shule za Alliance jijini Mwanza huunganisha darasa na uwanja. Alliance FC ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2018/19 na 2019/20. Mkataba wa klabu ya kawaida hauna ahadi ya cheti. Tena, kanuni za FIFA hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, hivyo wakala anayeahidi kumpeleka Ulaya mtoto wa kidato cha pili anapaswa kuombwa maandishi kabla ya kupewa hata shilingi.